Masikio na Mdomo Tu: Mwongozo Kamili wa Safari ya Kazini kwa Mwanaprogramu Anayeendesha Gari

Ukiendesha gari dakika 40 kwenda kazini na dakika 40 kurudi, siku 5 kwa wiki, umekaa nyuma ya usukani saa 6 na dakika 40. Toa likizo na sikukuu, ubaki na wiki 46 za kazi, na mwaka unakudai zaidi ya saa 300. Hesabu hiyo hututia tamaa. Mwanaprogramu akiona saa 300 zimelala tu, anataka kuzipangia kazi palepale: lugha mpya, cheti, mradi wa pembeni ulioahirishwa tangu mwaka juzi.

Tamaa hiyo imenipitia na mimi. Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha kila siku nilijaza kila dakika: mhadhara asubuhi, mhadhara jioni, sauti ikikimbia kwa kasi mara mbili. Nilipokuja kujiuliza nimebaki na nini, nikakuta majina ya zana nisizowahi kuzitumia na sauti za watangazaji ninaowatambua hata wakikohoa. Basi.

Kilichonibadilisha ni kukubali kwamba ndani ya gari sina macho wala mikono. Nina masikio, nina mdomo, na nina kile kipande cha akili kinachobaki baada ya barabara kuchukua chake. Ukikubali hivyo, utaona kwamba kazi hasa inafanyika katika dakika 5 kabla ya kuwasha gari na dakika 5 baada ya kulizima. Njiani unabeba swali tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu muda ambao gari limesimama.

Hatua ya 1: Barabara ichukue chake kwanza

Gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa linasogea karibu mita 17 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde 2 tu, umesafiri mita 33 ukiwa kipofu. Kwenye kilomita 100 kwa saa ni zaidi ya mita 55. Hilo wengi wetu tunalijua, ndiyo maana tunajitetea kwa kusema, "Mimi naongea tu, sishiki simu."

Utetezi huo una tundu. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani amechunguza suala hili kwa miaka mingi, na alichokuta ni kwamba dereva anayezungumza kwenye simu, hata bila kuishika, anaweza kukielekezea kitu macho na akili isikisajili. Mwaka 2015, utafiti aliouongoza kwa ajili ya AAA Foundation, taasisi ya usalama barabarani ya huko huko, ulionyesha kwamba baada ya dereva kutoa amri kwa sauti kwa mifumo ya gari au simu, akili inaweza kubaki imetawanyika hadi sekunde 27. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 27 kwa mwendo wa kilomita 60 ni mita 450. Umeshamaliza kuiambia simu "cheza kipindi kinachofuata", na bado mita 450 zijazo hujarudi kikamilifu barabarani.

Sheria nayo ina neno lake. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani kinamtaka dereva apunguze kadiri awezavyo shughuli yoyote isiyo ya kuendesha. Kila nchi imeongeza masharti yake juu ya hapo. Ufaransa, kwa mfano, ilipiga marufuku vipokea sauti vya masikioni kwa dereva mwaka 2015. Soma sheria ya unakoendesha kabla hujanunua kifaa chochote, na tumia spika za gari. Hata pasipo sheria, dereva anahitaji kusikia honi na king'ora.

Mimi najiwekea masharti matatu. Gari likishaingia gia, sigusi simu wala skrini. Jambo lolote linalonilazimisha kuchora picha kichwani linasubiri. Na nikijikuta nauliza "hivi ile taa ilikuwa ya kijani?", nazima kila kitu hadi nifike.

Hilo sharti la pili nililipata kwa njia mbaya. Kulikuwa na michakato miwili ya seva (kompyuta inayohudumia nyingine) inayosubiriana, kila mmoja ameshika kufuli, yaani haki ya kutumia data peke yake, ambayo mwenzake anaitaka. Mkwamo wa kawaida kabisa. Nikaanza kuchora mishale kichwani: huyu amechukua A, yule amechukua B, huyu anaomba B. Nilipozinduka nilikuwa nimeipita njia ninayokata kona kila siku, na zile kilomita za mwisho sikuzikumbuka hata kidogo. Hakuna aliyeumia. Lakini mshika mawili moja humponyoka, na siku ile lililoniponyoka lilikuwa gari.

Kwa hiyo yapange matatizo yako katika makundi mawili. Yasiyofaa njiani ni yale yanayotaka ushike vipande vingi kwa pamoja: kufuatilia hatua za algoriti, kuhesabu faharasa (nambari za nafasi) za orodha, kuunganisha majedwali manne ya hifadhidata, kutafuta mkwamo. Yanayofaa ni yale yenye umbo la mazungumzo: kuchagua kati ya njia mbili, kukipa kitu jina, kufikiri jinsi ya kumweleza mwenzako kwa nini ombi lake la kuunganisha msimbo (maandishi ya programu) na wa wenzake lina kasoro, au kujiuliza kama kipengele fulani kinahitajika hata kidogo. Hili la mwisho ndilo limeniokolea muda kuliko yote. Nimeshafika kazini mara kadhaa nikiwa nimefuta kazi ya siku mbili kabla sijaianza.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kupanga

Kwa wiki mbili usibadilishe chochote. Andika tu saa ya kuondoka na saa ya kufika, ukiwa umeegesha. Kisha igawe safari yako vipande. Kwa kawaida kuna mwanzo wenye kona na watembea kwa miguu, katikati iliyonyooka au yenye foleni ya kusogea polepole, na mwisho wenye kubadilisha njia na kutafuta maegesho. Mwanzo na mwisho ni vya kimya. Katika dakika zangu 40, za kutumia ni 22 hivi, na mipango yangu yote naifanya kwa hizo 22.

Usitumie wastani; ni ugonjwa ule ule wa kupima kasi ya seva kwa wastani, ambao huficha nyakati mbaya. Tazama siku mbaya. Kama siku 8 kati ya 10 unafika kwa dakika 38 na siku mbili unafika kwa dakika 70, hizo mbili ndizo zitakazokukuta umeishiwa cha kusikiliza, una hasira, na mkono unaifuata simu.

Na kabla hujaendelea, tazama vipimo vyako uone kama kuondoka nusu saa mapema kunaikata safari. Foleni haikui kwa mstari ulionyooka: barabara ikikaribia kujaa, magari machache tu ya ziada yanaweza kuongeza dakika nyingi. Anayeendesha seva anaijua tabia hiyo. Dakika 80 zikishuka hadi 55 kwa kubadilisha saa tu, umepata dakika 25 zenye macho na mikono, ambazo hakuna podikasti inayozifikia.

Hatua ya 3: Jioni iliyotangulia, andaa kitu kimoja

Kimoja. Foleni ya vipindi 60 visivyosikilizwa ni deni, na deni hukufanya uchague ukiwa barabarani.

Kipakue nyumbani kabisa, kisitegemee mtandao wa njiani. Kisha sikiliza dakika 3 za mwanzo ukiwa umefumba macho. Mzungumzaji akisema "kama mnavyoona hapa", kifute. Akianza kusoma msimbo kwa sauti, mabano ya kufungua, mabano ya kufunga, kifute pia. Msimbo ni kitu cha macho, na kuusikiliza ni sawa na kusomewa ramani kwa simu.

Kinachofaa masikio ni mahojiano kuhusu usanifu wa mifumo, simulizi za mifumo ilivyoanguka na jinsi ilivyoinuliwa, historia ya lugha na zana, na majadiliano ambamo watu wawili wenye uzoefu hawakubaliani. Podikasti ya Software Engineering Radio imekuwapo tangu 2006 na ina hazina ndefu ya mahojiano ya aina hiyo. Mimi hupenda kuchimba vipindi vya zamani: ukisikia mtu akitetea kwa moyo wote teknolojia ambayo leo imekufa, unajifunza tahadhari ambayo kipindi cha wiki hii hakiwezi kukupa.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hukisahau, nacho ni hati za kazini kwako. Ile hati ya usanifu ya kurasa 14 ambayo kila mtu amesema ameisoma unaweza kuigeuza sauti kwa dakika moja. Ikiwa imeandikwa kwa Markdown, mtindo wa kupanga maandishi kwa alama kama # na *, itoe kwanza alama hizo kwa amri hii ya programu ya pandoc:

    pandoc -t plain hati.md -o hati.txt

Fungua hati.txt uondoe majedwali na vipande vya msimbo, maana vikisomwa na mashine ni kelele tupu. Kisha kwenye Mac:

    say -f hati.txt -o hati.aiff

Na kwenye Linux:

    espeak-ng -f hati.txt -w hati.wav

Sauti ya espeak-ng ni ya roboti kweli kweli, na ukitaka isome Kiswahili ongeza `-v sw`. Baada ya siku mbili sikio huzoea. Cha kushangaza ni kwamba udhaifu wa hati husikika upesi kuliko unavyosomeka. Sentensi ambayo jicho huipitia tu, hulikwaza sikio: "mfumo utashughulikia hali hiyo ipasavyo". Mfumo gani? Hali ipi? Hapo umeshapata la kuuliza kwenye kikao.

Kuhusu kasi, usizidi mara 1.25 ukiwa unaendesha. Kasi mara mbili ni ya kuoshea vyombo.

Hatua ya 4: Dakika 5 kabla ya kuwasha gari, pakia swali

Mwaka 1983, usiku wa Ijumaa, mwanakemia Kary Mullis alikuwa akiendesha gari kuelekea wilaya ya Mendocino, California, kichwani ana swali la jinsi ya kusoma herufi moja tu ya DNA. Hakuwa mwanaprogramu kwa kazi, lakini alikuwa ametumia muda mwingi akiandika programu na kuzoea vitanzi, yaani kuchukua matokeo na kuyarudisha tena mwanzoni. Njiani likamjia wazo kwamba hatua alizokuwa akizifikiria zinaweza kurudiwa, na kila mzunguko ungezidisha DNA mara mbili. Mizunguko 10, nakala elfu moja na kidogo. Mizunguko 20, zaidi ya milioni. Mizunguko 30, zaidi ya bilioni. Akaegesha gari kando ya barabara, akatafuta karatasi na penseli, akaandika. Hiyo ndiyo njia ya kunakili DNA inayojulikana kama PCR, iliyompa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kana kwamba barabara ilimtunuku wazo. Mimi naangalia mambo mawili mengine: aliingia garini akiwa tayari na swali lililobana, na alisimamisha gari kabla ya kuandika.

Basi fanya hivyo. Kabla ya kutoka, fungua ile kazi unayokwenda kuishika leo, isome dakika 3 au 4, kisha liandike swali lako kwa sentensi moja kwenye karatasi. Swali legevu huzaa mawazo legevu. "Nifikirie ile ripoti" si swali. "Kwa nini ripoti ya malipo inahesabu mara mbili yale tu yaliyofanyika karibu na usiku wa manane?" ni swali. Lina mahali pa kushika.

Maswali yanayotaka ukumbuke vitu vingi, yachuje kwa ukali zaidi. Ukiona swali lako linahitaji uone msimbo ili ulijibu, si la leo barabarani. Chukua jingine.

Hatua ya 5: Njiani, zungumza na kiti kitupu

Kuna desturi ya zamani miongoni mwa wanaprogramu ya kumweleza bata wa plastiki msimbo wako, mstari kwa mstari, hadi uisikie hitilafu ikitoka mdomoni mwako mwenyewe. Gari ndipo mahali pekee ambapo unaweza kufanya hivyo kwa sauti kamili bila wenzako kukutazama. Anayekuona kutoka gari la pembeni atadhani unaimba.

Washa rekodi ya sauti kwenye simu kabla ya kuondoka na uiache iendelee hadi utakapoegesha. Hakuna kubonyeza, hakuna kuamuru. Rekodi ya dakika 40 yenye ubora wa kilobiti 32 kwa sekunde haifiki megabaiti 10, kwa hiyo usibane. Ukipata wazo la kulihifadhi, tamka kwanza neno moja la kudumu ambalo hulitumii ovyo. Langu ni "alama". Utaiona faida yake ukifika.

Hiki hapa kipande cha rekodi yangu, nimekisafisha vikohozi tu:

"Sawa. Ripoti inachukua malipo yote ya siku. Siku inaanza saa ngapi? Inaanza usiku wa manane. Usiku wa manane wa nani? Wa seva. Lakini malipo yanaandikwa kwa saa ya... ngoja, niko kwenye mzunguko. (Kimya cha sekunde kumi na kitu.) Malipo yanaandikwa kwa saa ya mteja. Kwa hiyo malipo ya mteja aliye mbele ya seva yanaweza kuwa ya leo kwake na ya jana kwetu. Hiyo ingeyahamisha tu, isingeyahesabu mara mbili. Isipokuwa... ripoti ya jana inatumia saa ipi na ya leo inatumia ipi? Alama. Angalia kama ripoti mbili zinatumia saa tofauti."

Hilo "ngoja, niko kwenye mzunguko" nimeliacha makusudi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa: barabara ikiita, sentensi inakatwa katikati. Bata hakasiriki. Mtu wa upande wa pili wa simu hawezi kukuona unaingia mzunguko, ataendelea kuuliza, nawe kwa adabu utaendelea kujibu. Abiria aliye kando yako anaiona barabara na hunyamaza mwenyewe. Kwa sababu hiyo sishiriki vikao nikiwa naendesha, hata vile vifupi vya asubuhi vya kusema nilifanya nini jana. Kiongozi wako akisema "utasikiliza tu", mjibu kwamba utasoma muhtasari.

Usipange podikasti na bata katika safari moja. Siku ya kusikiliza ni ya kusikiliza, siku ya kusema ni ya kusema. Na angalau safari moja kwa wiki iwe ya kimya kabisa, redio imezimwa. Siku hizo za kimya zilikuwa ngumu kwangu mwanzoni, vidole vikitafuta kitufe. Sasa ndizo zinazonipa mengi, ingawa siwezi kuzitabiri, na nyingine hazinipi chochote zaidi ya kufika nimetulia.

Hatua ya 6: Dakika 5 baada ya kuegesha, pakua

Hapa ndipo wengi humwaga maji. Unazima gari, unachukua begi, unakutana na mtu kwenye ngazi, na wazo limekwenda.

Zima injini, usitoke. Toa daftari, la karatasi ni bora kwa sababu halina arifa. Kama ulikuwa unasikiliza, jiulize bila kurudia sauti: amesema mambo gani matatu, na lipi linahusu kazi yangu? Andika hata kama ni kwa taabu. Hiyo taabu ndiyo dawa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojijaribu kukumbuka maandishi waliyasahau kidogo kuliko waliosoma tena na tena, walipopimwa baada ya wiki. Ukishindwa kuandika hata jambo moja, kipindi hicho kilikuwa burudani. Si dhambi, lakini usikihesabu kuwa ni masomo.

Kama ulikuwa unasema, rekodi igeuzwe maandishi ukifika mezani. Whisper, mfumo uliotolewa na OpenAI mwaka 2022, unaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila kupeleka sauti popote, na unakijua Kiswahili kiasi:

    whisper safari.m4a --language sw --model medium --initial_prompt "seva, hifadhidata, ripoti, alama"

Yale maneno ya mwishoni ni kidokezo cha msamiati. Yaweke yale unayoyatamka mara kwa mara, kwani bila hayo mashine hubuni. Hata ukiyaweka itakosea, hasa ukichanganya lugha mbili katika sentensi moja kama tunavyofanya sote, na kelele za gari haziisaidii. Usihangaike kusahihisha yote. Tafuta alama zako tu:

    grep -i -A 3 "alama" safari.txt

Mistari mitano au sita itatokea. Kila mmoja una hatima tatu: uwe kazi kwenye orodha, uwe swali kwa mtu fulani mwenye jina, au ufutwe. Usiuhifadhi "kwa baadaye". Nilikuwa na faili la mawazo ya baadaye lenye mistari 400, na sikumbuki kulifungua kwa heri.

Ule mfano wa ripoti nilioutaja uliishia kwenye jaribio moja (msimbo mfupi wa kukagua msimbo mwingine) la mistari tisa, lililoandikwa kabla ya chai. Ripoti ya mwisho wa siku ilitumia saa ya seva, ile ya marekebisho ya asubuhi ikatumia saa ya mteja, na malipo yaliyoangukia katikati yakahesabiwa na zote mbili. Ningeipata hata mezani, sina shaka. Ila ningeanza kwa kufungua msimbo, na nikishafungua msimbo mimi huanza kubadilisha vitu kabla sijajua ninatafuta nini.

Tahadhari moja: rekodi hizo zitakuwa na majina ya wateja, udhaifu wa mifumo, pengine manung'uniko yako kuhusu watu. Usizipeleke kwenye huduma ya mtandaoni bila ruhusa ya mwajiri, usitamke nywila hata kwa utani, na futa sauti zote kila mwisho wa wiki.

Hatua ya 7: Safari ya kurudi ni mnyama mwingine

Asubuhi unapakia, jioni unapakua. Kabla ya kuondoka mezani, andika sentensi moja ya hatua inayofuata, na ukiweza acha jaribio moja ambalo bado linashindwa. Kesho litakuonyesha pa kuanzia bila kukuuliza unakumbuka nini.

Ukishatoka kwenye zile kona za mwanzo, jipe dakika 5 za kusema kwa sauti siku ilivyokwenda: kilichofanyika, kilichokwama, kilichokuudhi. Huhitaji kurekodi. Kisha acha. Weka muziki, au kaa kimya. Nilijaribu kusoma jioni kwa miezi, na nilichopata ni kufika nyumbani mwili umefika na akili bado iko kwenye hifadhidata, watu wananisemesha nami naitikia "mm".

Kuna suala la usingizi pia. Baada ya saa 8 au 9 za kutazama skrini, sauti ya mtu mmoja akieleza jambo taratibu ni bembelezo. Ukianza kupiga miayo mfululizo au kuvuka mistari ya barabara, podikasti haikusaidii, wala dirisha lililofunguliwa. Tafuta mahali salama, egesha, lala dakika 15 au 20.

Vifaa

Vichache. Kishikilio cha simu kilichokaa imara, ambacho hakizibi kioo. Chaja. Daftari na kalamu mbili, kwa sababu moja itapotea chini ya kiti. Washa hali ya kuendesha kwenye simu ili arifa zisiingie, na jifunze vitufe vya usukani gari likiwa limesimama hadi kidole gumba kivijue chenyewe. Skrini ya gari yenye CarPlay au Android Auto, mifumo inayoleta programu za simu kwenye skrini hiyo, ni nzuri, lakini bado ni skrini.

Wiki ya kwanza

Ukishamaliza wiki zako mbili za kupima, anza hivi. Jumatatu asubuhi, kimya, uone akili inakwenda wapi yenyewe. Jumanne, swali moja na bata. Jumatano, kipindi kimoja na yale mambo matatu kwenye daftari. Alhamisi, hati moja ya kazini kwa sauti. Ijumaa, hakuna kitu. Jioni zote, dakika 5 za kusema kisha muziki.

Baada ya mwezi usihesabu vipindi ulivyomaliza. Pitia daftari na orodha ya kazi, uhesabu mambo yaliyozaliwa garini yakafika kwenye msimbo, kwenye kikao, au yaliyofuta kazi isiyohitajika. Kwangu mwezi mzuri huwa na matano au sita. Mwezi wenye moja naangalia kwanza kama nilikuwa naandika swali kabla ya kuondoka, na karibu kila mara jibu ni hapana: nilichelewa kuamka, nikarukia gari, nikawasha chochote kilichokuwepo.